Mapengo ya Saa Sita

Dodong, Kisiwa cha Ulleung
20 Machi 2019

Kwa Nesi Pyo Da-hye
Wodi ya ghorofa ya tano, Pohang

Binti yangu,

Hunijui, na mimi sikujui ila kwa jina lililochapwa. Naitwa Eom Sun-im, mtoto pekee wa mzee Eom Tae-gil wa chumba 507, kitanda cha dirishani, aliyefariki hapo kwenu tarehe 12 Februari. Nilikaa naye tangu alipolazwa hadi sikukuu yetu ya mwaka mpya, ile ya mwanzoni mwa Februari, ikapita, kisha nikarudi kisiwani siku mbili tu kufungasha ngisi wa mwisho wa msimu. Mawimbi yakafunga bandari. Siku ya tatu, meli ikiwa bado imefungwa kamba, hospitali ikapiga simu. Majirani wananiambia si kosa langu, na wanaposema hivyo wanatazama pembeni.

Wiki iliyopita niliomba nakala ya kumbukumbu zake zote. Nimepewa kurasa mia mbili na ushee zilizotolewa kwenye kompyuta yenu. Mambo ya damu na namba siyaelewi. Ila kuna mstari mmoja nimeuelewa, nimeusoma hadi karatasi imelegea: "Saa 6:00 mchana. Amekula nusu bakuli la uji kwa msaada wa mwangalizi. Anameza vizuri. Hana malalamiko. Pyo Da-hye." Saa sita na nusu mkamkuta amekata roho. Yaani nusu saa kabla alikuwa anakula, na hana malalamiko. Baba yangu huyo, aliyelalamika hata siku ya harusi yangu kwamba supu ina chumvi!

Asante kwa kuuandika mstari huo. Nilipopiga simu wodini waliniambia manesi hawaruhusiwi kuzungumza na jamaa wa marehemu. Barua hawakuikataza, au walisahau kuikataza. Kama una dakika, niambie tu alisema nini, na kama kulikuwa na mtu pembeni yake. Sitaki kitu kingine.

Wako,
Eom Sun-im


Pohang
2 Aprili 2019

Shikamoo Mama Eom,

Pole sana na msiba. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Barua yako nilikaa nayo kwenye mfuko wa sare siku tisa.

Ndiyo, nilikuwa zamu ya mchana siku ile. Baba alikula taratibu. Alisema uji umepoa lakini ni mtamu. Akaniuliza kama bahari imetulia, nikamwambia bado kidogo, akasema, "Basi Sun-im atakuja kesho." Hakuwa peke yake, mama. Alikuwa ametulia kabisa.

Naomba barua hii ibaki kwako mwenyewe.

Pyo Da-hye


Dodong
17 Aprili 2019

Da-hye binti yangu,

Niruhusu nikuite hivyo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, nikalia kwa sauti mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. "Sun-im atakuja kesho." Usingizi wangu wa kwanza tangu Februari ni wewe uliyenipa. Siku iliyofuata nilipika uji wa mchele, nikauweka mbele ya picha yake, nikamwambia, "Haya, umalizie hiyo nusu nyingine." Nimekutumia sanduku la majani ya kitunguu pori niliyoyaloweka mwenyewe. Usigawe wodini, watakula yote.

Sasa kuna jambo dogo. Kwenye zahanati yetu tuna daktari kijana, wale wanaotumikia jeshi kwa kutibu wazee wa visiwani. Nilimpelekea zile karatasi ajionee ule mstari wako, nilikuwa najivunia. Akaanza kuzipekua nyuma na mbele. Akaniuliza, "Mama, huyu mzee si alikatazwa kula na kunywa tangu tarehe kumi? Utumbo ulikuwa umeziba. Agizo hili hapa. Uji ulitoka wapi?" Halafu akanionyesha kilichoandikwa kuwa sababu ya kifo: matapishi yaliingia mapafuni.

Nilimwambia, "Wewe mtoto, nesi alikuwepo, wewe ulikuwa wapi?" Lakini usiku nimelifikiria. Nieleze, binti yangu. Nani alimpa uji?

Mama Sun-im


Pohang
6 Mei 2019

Kwa Bi. Eom Sun-im

Kuhusu swali lako la tarehe 17 Aprili, unaarifiwa yafuatayo. Agizo la kutokula lilibandikwa kitandani kwa mujibu wa utaratibu. Uji uliotajwa katika kumbukumbu haukutoka katika jiko la hospitali. Mwangalizi wa chumba 507, Bi. Heo Geum-nyeo, raia wa China, aliletwa na wakala wa nje na alikuwa akihudumia wagonjwa sita kwa wakati mmoja. Wauguzi hawawajibiki kwa chakula ambacho waangalizi huwapa wagonjwa bila ruhusa.

Sanduku limerudishwa kwa posta kwa kuwa watumishi hawapokei zawadi.

Pyo Da-hye
Muuguzi


Dodong
25 Mei 2019

Nesi Pyo,

Mkono ni wako, ulimi si wako. Nani alisimama nyuma ya kiti chako ukiandika barua ile? Sijali sana. Nilichotaka kujua nimekijua.

Nimekwenda Pohang. Nimefungua shauri polisi, kisha nikaenda kumtafuta huyo Heo. Wakala wake alishamfukuza, amepanga chumba nyuma ya soko la samaki. Nilitegemea jitu, nikakuta kibibi cha miaka sitini na sita chenye mgongo uliopinda na lafudhi ya Yanbian, kule China. Nikamuuliza, "Ulimlisha nini baba yangu?"

"Sikumlisha kitu, mama."

"Uji, wewe! Uji!"

"Uji gani?" akasema. "Uji gani, mama?"

Alivyokuwa anarudia "uji gani" kama mtoto mjinga, nikamsukuma. Akaangukia sanduku lake la nguo. Sikumwinua. Nakwambia haya kwa sababu sijamwambia mtu mwingine, na kwa sababu siku ile sikuona haya hata kidogo.

Karatasi ya kukiri uzembe ameshasaini. Wakala alimwambia asaini yaishe. Afisa wa polisi ananiambia saini peke yake haitoshi, lakini wana mstari wako: nesi mwenye leseni aliyeandika saa ileile kwamba mwangalizi alimlisha. Wanasema hakuna ushahidi mwingine na hauhitajiki. Utaitwa tarehe 9 Julai kuuthibitisha kwa mdomo. Ukishasema ndiyo, kesi yake inakwenda kwa mwendesha mashtaka.

Ulimwona akimlisha mgonjwa aliyekatazwa kula, ukaandika "anameza vizuri," ukaenda zako? Hilo nitakuuliza siku nyingine. Kwanza huyu.

Eom Sun-im


Pohang, nyuma ya soko
8 Juni 2019

Kwa Mama wa Kisiwani, binti wa mzee Eom,

Nimeomba mtu wa kanisani aniandikie vizuri, maneno ni yangu.

Nimeangalia wagonjwa miaka kumi na moja. Kibao cha "asile kitu" nakijua hata nikiwa nimefumba macho, chekundu, kinaning'inia kichwani pa kitanda. Mzee wako alikuwa nacho. Nilikuwa nikimlowesha midomo kwa pamba. Siku mbili alikuwa ananiomba maji, na mimi namwambia, "Vumilia babu, mpaka daktari aseme."

Siku ile kabla ya saa sita alianza kutaka kutapika. Nikamlaza ubavu, nikabonyeza kengele. Taa ikawaka, ikazimwa kule mezani kwao. Nikabonyeza tena, ikazimwa tena. Ya tatu vilevile. Nikatoka koridoni nikaita. Mkuu wa wodi, yule Bi. Ban, akasema, "Mama Heo, kitanda cha nne kinasubiriwa eksirei, mpeleke sasa hivi." Nikasema babu anatapika. Akasema nesi anakuja.

Nikarudi nikamwambia mzee, "Nesi anakuja." Nikaenda na kitanda cha nne. Niliporudi walikuwa wameshavuta pazia.

Niliondoka, hilo ni kosa langu na nitalibeba. Lakini uji siujui. Ulinisukuma, sikukulaumu. Baba akifa mtu husukuma. Ila usinifunge kwa uji.

Heo Geum-nyeo


Dodong
13 Juni 2019

Nesi Pyo,

Soma barua ya Mama Heo niliyoiambatisha. Kisha unijibu neno moja tu, kati ya mawili: mwongo ni yeye, au ni wewe?

Sun-im


Pohang
3 Julai 2019

Mama Eom,

Ni mimi.

Naandika nikiwa nyumbani. Hakuna aliyesimama nyuma yangu. Ile ya Mei Bi. Ban aliniamuru nimpe barua yako, akanisomea maneno, nami nikayaandika. Hata hivyo mkono uliokuwa na kalamu ni wangu.

Nianze na uji. Katikati ya Machi wakaguzi wa hospitali walikuwa wanakuja, wale wa kila baada ya miaka minne. Wakija hawaangalii wagonjwa sana, wanafungua kompyuta. Kila mgonjwa aliyelazwa lazima awe na maelezo ya kila zamu: amekula nini, amegeuzwa lini, ana maumivu kiasi gani. Sisi tulikuwa na wagonjwa kumi na tisa kwa kila nesi. Anayemhudumia mgonjwa hapati muda wa kuandika, na anayeandika hapati muda wa kuhudumia. Kwa hiyo kunakuwa na mapengo. Kabla ya ukaguzi tunaitwa siku zetu za mapumziko kuja kuyajaza. Kila wodi inafanya hivyo, na hakuna anayeona ajabu. Tunaita "kufanya usafi."

Tarehe 4 Machi nilipewa orodha ya mapengo yangu, mia nne na kumi. Mstari wa chakula hatuuandiki, tunaubofya. Maneno yamo tayari ndani ya kompyuta: amekula nusu bakuli la uji kwa msaada wa mwangalizi, anameza vizuri, hana malalamiko. Chumba 507 nilikibofya chote kwa pamoja, watu sita, saa sita mchana ya tarehe 12 Februari. Agizo la kutokula liko ukurasa mwingine. Sikuufungua. Kwenye ile orodha hakuna marehemu, mama, kuna namba za vitanda tu. Baba yako alikuwa amezikwa karibu wiki tatu nilipomlisha ule uji.

Hakusema ni mtamu. Hakuniuliza habari za bahari. Hayo nilitunga kwa sababu uliandika "sitaki kitu kingine" namna ile, na nikaona huruma, na nikaogopa. Sijui kipi kilitangulia. Nilijiambia nakupa kitu kidogo cha kukuliwaza. Sikujua kama nimeweka kamba shingoni mwa mtu mwingine. Mwezi wa tano nilipojua, niliendelea kunyamaza. Hapo siwezi kusingizia kutojua.

Sasa kengele. Ndiyo, taa iliwaka, na aliyeizima ni mimi. Siku ile pia nilikuwa mezani nikijaza mapengo ya Januari. Nilitaka kuinuka. Bi. Ban akasema, "Malizia kwanza hao kumi. Wakaguzi hawasomi kengele, wanasoma kompyuta." Nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Nilipoizima mara ya tatu nilikasirika, nikasema kwa sauti, "Huyu mama wa 507 naye, hana subira!" Wenzangu walicheka.

Nakala uliyopewa inaonyesha saa ya huduma tu. Lakini kompyuta inatunza pia saa mstari ulipoingizwa, na hiyo haifutiki. Hospitali haitakupa usipoitaja kwa jina. Andika hivi kwenye ombi lako: "Naomba historia ya uingizaji na marekebisho ya kumbukumbu za marehemu, pamoja na tarehe na saa ya kila ingizo." Wakikataa, wape polisi sentensi hiyohiyo waipeleke wao. Utaona: tarehe 4 Machi, jina langu.

Tarehe 9 nitakwenda polisi na kusema haya. Nilikuwa nataka kukuomba msamaha. Nimeuandika mstari huo mara nne nikaukata, kwa sababu kila mara ulikuwa unasomeka kama ninakuomba unisaidie.

Pyo Da-hye


Dodong
24 Julai 2019

Pyo Da-hye,

Karatasi imekuja. Tarehe 4 Machi, saa nane na dakika kumi na saba mchana, vitanda sita kwa dakika moja. Yule daktari kijana alinisomea, halafu akaenda kusimama nje.

Mama Heo ameondolewa kwenye shauri. Usifurahi haraka. Mawakala wote wa Pohang wameliweka jina lake kwenye orodha ya wasioajiriwa, na kwa kuwa hana mwajiri, kibali chake cha kukaa kimekwisha. Nilimfuata kituo cha mabasi siku ya kuondoka. Nilikuwa nimebeba ngisi wakavu, nimevaa nguo ya heshima, nimejiandaa kupiga magoti hapo mbele ya watu. Akaniona nakuja. Akasema, "Mama, sina neno na wewe. Ila usiniguse." Ngisi hakuchukua. Akapanda basi na lile sanduku.

Bi. Ban anasema hakukuamuru kitu. Hospitali inasema ni uzembe wa nesi mmoja. Nimewasikia. Nami nimewajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, mwenye posta ananijua. Polisi wameniuliza kama nataka uhurumiwe. Nimewaambia sijui. Bado sijui. Nakuchukia asubuhi, jioni nakuhurumia, kisha nakuchukia kwa kunifanya nikuhurumie.

Unajua ulichoninyang'anya? Uji sasa siwezi hata kuunusa. "Sun-im atakuja kesho" nilikuwa nayo miezi mitatu. Nilikuwa nailalia. Sasa kila nikiilalia nakuta ni wewe unayesema.

Nataka kitu kimoja. Andika ile saa upya. Usinitungie, usinitilie sukari, usiniombe radhi. Andika kama ulivyofundishwa shuleni kabla hawajakufundisha kujaza mapengo. Mahali usipojua, useme hujui. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya baba yangu nitakayoiweka.

Eom Sun-im


Pohang
2 Agosti 2019

Mgonjwa: Eom Tae-gil, miaka 81, chumba 507, kitanda cha dirishani.
Tarehe ya tukio: 12 Februari 2019.
Tarehe ya kuandika: 2 Agosti 2019. Saa za kengele nimezisoma kwenye karatasi ambazo polisi walizitoa katika mtambo wa kengele wa wodi.

Saa 5:30 asubuhi. Nimepita mlangoni. Sikuingia. Hali ya mgonjwa sikuikagua.

Saa 5:50. Kengele. Imezimwa kutoka mezani. Sikwenda.

Saa 5:58. Kengele. Imezimwa kutoka mezani. Sikwenda.

Saa 6:00 mchana. Mgonjwa hakula kitu.

Saa 6:06. Kengele. Imezimwa kutoka mezani. Sikwenda. Hatua kutoka mezani hadi kitandani: ishirini na mbili. Nimezihesabu baadaye.

Saa 6:09. Kwa maelezo ya mwangalizi Heo Geum-nyeo, mgonjwa aliambiwa kwamba nesi anakuja. Alikuwa hai. Alikuwa amelazwa ubavu wa kushoto, mdomo umefutwa. Wa mwisho kumhudumia ni yeye.

Saa 6:31. Nimeingia kupima presha za chumba kizima. Mgonjwa amelala chali. Hapumui. Kengele ilikuwa mkononi mwake.

Kutoka saa 6:09 hadi saa 6:31, sijui. Hakuna aliyekuwepo.

Pyo Da-hye